Kitanda cha Komamangani

Kitanda changu cha harusi kiliingia uani kimefunikwa shuka, nami nimesimama mlangoni mwa jiko nikikilaani kimoyomoyo. Wabebaji walikitua katikati ya ua wakajifuta jasho. Wageni wa upande wa mume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima: bwana harusi mwenyewe, muuza magodoro ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Magodoro, na shangazi yake, mwanamke mwenye macho ya kukagua kama anayenunua mbuzi. Walikuja kukiona kitanda. Mimi walikwisha kuniona, na nadhani kitanda kilikuwa kinawapa hamu zaidi.

Bwana Magodoro si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana sauti ya upole, na popote anapokaa lazima kwanza abonyeze kiti kwa kiganja aone kama kinarudi. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, hakuwa yule niliyemtaka. Niliyemtaka ndiye aliyekichonga kile kitanda.

“Funua,” akasema Baba.

Kaka yangu mkubwa akashika pindo la shuka akalivuta. Ubao wa kichwani ulikuwa wa mkangazi, umepigwa msasa hadi unateleza kwa macho. Pembeni majani yamesokotana, na katikati, kubwa kama kichwa cha mtoto, komamanga. Limepasuka. Limechanika toka juu hadi chini, na ndani yake punje zimejaa, zimebanana, utadhani zimelowa.

Shangazi aliinuka kitini akalisogelea.

Lazima nieleze, la sivyo mtatuona wendawazimu. Mtaa wetu unaitwa Komamangani. Mkomamanga wenyewe haupo. Ulikuwa wa bibi mzaa baba, ulikauka kabla sijazaliwa, na lililobaki ni jina. Lakini jina hilo watu wamelishika kuliko walivyoushika mti. Kila binti wa hapa akiolewa huchongewa tunda hilo kitandani, na kila mtu anajua kulisoma. Likiwa limefumba, binti hajaguswa. Likiwa limepasuka, ameshafunguliwa, na zile punje ni mimba. Mjane anayeolewa tena akiwa na watoto wake ndiye huchongewa lililopasuka. Hakuna anayemweleza fundi jambo hilo, maana mafundi wa zamani wote walikuwa wa hapahapa. Basi Baba naye alimwambia fundi wetu maneno mawili tu: “Chonga komamanga.” Na fundi wetu ni mtu wa Ndimuni, ng’ambo ya reli, ambako hakuna anayejua haya.

“Jamani,” akasema shangazi, akivua miwani na kuivaa tena. “Ni macho yangu yamezeeka, au mnatupa mzigo uliokwisha funguliwa?”

“Ni makosa ya fundi,” akasema Baba. Lakini macho yake yalikuja kwangu yakashuka moja kwa moja tumboni. Baba yangu, mwenye bucha, mtu anayejua ng’ombe ana mimba kwa kumtazama akitembea, alikuwa ananitazama hivyo mimi!

Kaka mkubwa hakutazama. Alikuja. Jina lake la mtaani ni Saba, kwa sababu alizaliwa kwa miezi saba, Mama akiwa ndiyo kwanza ameolewa, na akatoka na uzito uliomtoa mkunga jasho. Utani juu yake hauishi: angetimiza tisa angetoka na ndevu. Anabeba paja la ng’ombe kwa bega moja huku anapiga mluzi. Mkono huo ndio ulionishika nywele.

“Nani?” akauliza.

“Nani?” akasema kaka wa pili nyuma yake. Huyo tunamwita Mwangwi, na sababu mmeisikia.

“Hakuna! Niache, Saba, unaniumiza!”

Kofi lilinikuta mdomoni kabla sijamaliza. Nikaonja damu. Nami sikulelewa buchani kwa ajili ya kulia, nikamtemea ile damu kifuani.

“Hakuna mtu aliyenigusa. Kalisome tunda lako vizuri, baradhuli wewe!”

“Saba, mwanangu, ngoja,” akasema Mama. Alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alifungua kinywa kama mwenye neno, akakifunga.

“Hawezi kusema huyu,” akasema Saba. “Anayejua ni fundi. Fundi hachongi kitu asichokijua. Ama kamfungua yeye, ama anatuchafua. Yote mawili yana dawa.”

“Yana dawa,” akasema Mwangwi.

Saba akachomoa panga ukutani na wakatoka wote wawili. Baba hakusema neno la kuwazuia. Alimgeukia shangazi akaanza kumkaribisha chai.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, pekupeku, nikakata vichochoro.

Fundi wetu jina lake la kazi ni Patasi. Hata akienda kununua mkate anayo patasi yake ya kuchongea mfukoni, amezungushia kitambaa isimchome. Nilimjua kupitia bucha, alikuja kutaka kwato za kuchemshia gundi, nikampimia, akasema hajapata kuona mwanamke asiyebonyeza mizani kwa kidole. Tangu siku hiyo akaniita Mizani. Tangu siku hiyo kwato zikawa haziishi kutakiwa, mpaka Baba akauliza kama huyu kijana anaunganisha fanicha au anaunganisha mji.

Siku aliyokubali kazi ya kitanda nilimfuata karakana nikamgombeza mpaka majirani wakatoka nje.

“Huna hata haya? Unanichongea kitanda nikalale na mwingine?”

“Nisipochonga mimi atachonga mwingine.”

“Basi na achonge! Wewe nenda kwa Baba ukaseme!”

“Nitakwenda,” akasema, akaweka randa chini. “Lakini nikienda mikono mitupu atanitazama viatu. Sina mjomba wa kunisemea, sina baba. Nikimaliza kitanda hiki, siku hiyohiyo, nitavaa shati safi nije. Atakuwa ameshaiona kazi. Kazi yangu ndiyo mshenga wangu.”

“Na akikataa?”

“Akikataa, kitu kilicho juu ya kichwa chako kila siku kitakuwa kimetoka mkononi mwangu. Hilo hatanipokonya mtu.”

Nikamtazama. Ana macho ya mtu aliyezoea kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kuchoka, na yakikukalia, unasikia joto mpaka kwenye kisigino. Kushikana hatukuwahi. Ndimuni na Komamangani zina macho mengi, na yeye alisema hagusi ubao ambao haujakauka.

Ndipo akaanza kunisimulia matunda. Marehemu mwalimu wake, mzee mmoja aliyeitwa Msasa, alimfundisha kuchonga kwa mashairi. Kila tunda na maana yake. Tini ni siri, kwa sababu maua yake huchanua ndani, nje huoni kitu. Ndimu ni mke mkali, unamlilia ukiwa naye, na asipokuwepo chakula hakiliki.

“Unanisema mimi?”

“Wewe si ndimu. Wewe ni komamanga,” akasema akicheka. “Kuna hadithi ya kale, ya watu wa mbali. Binti alitekwa na mfalme wa wafu akashushwa chini ya ardhi. Mama yake akamlilia mpaka mimea ikakauka. Walipokuja kumchukua, ikaonekana ameshakula punje chache za komamanga kule chini. Zikamfunga. Kila mwaka lazima arudi.”

“Alilazimishwa?”

“Wengine husema alilazimishwa. Wengine husema alikuwa na njaa.”

“Wote waongo,” nikamwambia. “Alijua anachokula. Mimi ningekula kwa makusudi, na ningelamba vidole.”

Hapo nilicheka, akanitazama kinywa kwa muda, akachukua kipande cha ubao akaanza kuchora. Sikuuliza anachora nini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati navuka reli na kokoto zinanichana nyayo.

Nilisikia kabla sijaona. Mbao zilianguka, mtu akapiga ukelele, ulikuwa wa Mwangwi. Niliingia nikamkuta amekaa chini ameshika paji la uso, damu inapita katikati ya vidole. Patasi alikuwa amemtandika kwa mguu wa meza. Lakini kwa Saba mguu wa meza haukufua dafu. Alimbamiza Patasi ukutani, tupa za chuma zikamwagika, akampiga ngumi ya mbavu, na nyingine, na nyingine, anapiga kwa utulivu kama anayelainisha nyama. Patasi alikuwa amevaa shati jeupe. Lilikuwa limepigwa pasi, mikunjo ya mikononi bado imesimama. Alikuwa anajiandaa kuja kwetu.

“Muache!” Nikarukia mgongo wa Saba nikamng’ata shingo. Akanitikisa mara moja tu, nikaangukia kwenye rundo la maranda.

Niliponyanyuka alikuwa amekwisha fanya alilokusudia. Mkono wa kulia wa Patasi ulikuwa ndani ya jiriwa, lile koleo la chuma lililofungwa mezani la kubania mbao, na Saba anakaza skrubu. Panga alikuwa amelichomeka mlangoni. Mkononi alishika nyundo ya mbao ya Patasi mwenyewe.

“Sasa tuzungumze,” akasema, akihema. “Umemgusa dada yangu?”

“Sielewi unachouliza.”

“Komamanga, mshenzi wewe! Limepasuka! Umeliweka mbele ya wakwe, limepasuka!”

“Kwani lina nini?”

Saba akamweleza. Alimweleza kwa maneno machafu, siwezi kuyaandika. Nilikuwa namtazama Patasi usoni, nikaona anavyoelewa polepole. Mbavu zilikuwa zinamuuma, mkono umebanwa, lakini uso ulimbadilika pale tu alipojua amenifanya nini mimi. Akanigeukia.

“Mizani,” akasema. “Mungu wangu. Sikujua.”

“Hukujua, wala sikulaumu,” nikasema. “Saba, umemsikia. Hakujua. Fungua.”

“Sikia wewe.” Saba alininyooshea nyundo. “Kama amekugusa, leo hii anakuchukua. Utatoka ulivyosimama, na nguo hizohizo. Baba hatalitaja jina lako, Mama hatakanyaga kwako, na ukipita mbele ya bucha watu watatema mate. Sitamlemaza mtu ambaye ni baba wa mtoto wako. Lakini kama hakukugusa, basi ameandika uongo juu ya nyumba yetu, na mkono ulioandika hautaandika tena. Chagueni.”

“Chagueni,” akasema Mwangwi kutoka sakafuni.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Mniamini, sikuhitaji. Jina zuri nilikuwa nalo miaka yote, na halijawahi kuninywesha hata kikombe cha chai. Mkono ule nilikuwa nimeuona unachonga jani la mbao mpaka nikataka kulipulizia lipepee.

“Amenigusa,” nikasema.

Nyundo ikashuka kidogo.

“Rudia.”

“Amenigusa. Mimi ndiye niliyetaka. Tunda limechongwa vile kwa sababu ndivyo lilivyo. Fungua jiriwa, Saba, nitoke kwenu.”

Kaka yangu alinigeukia. Nikaona kitu kinamvunjika usoni, kwa sababu Saba ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni, ndiye aliyenifundisha kunoa kisu. Akatema chini. Akashika mpini wa jiriwa akaanza kuulegeza, nami nikavuta pumzi ya kwanza tangu nyumbani.

“Anadanganya,” akasema Patasi.

“Nyamaza!” nikapiga kelele.

“Anadanganya kuniokoa. Sijamgusa. Mkono huu haujawahi kushika hata kidole chake. Nimelichonga kwa ujinga wangu, nikitaka kumsifu. Dada yako ni binti aliyefumba kama mnavyotaka nyinyi, na mtu wa kulaumiwa ni mimi.”

“Patasi, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu. Mimi sijali!”

“Leo hujali. Kesho utapita mbele ya mlango wa mama yako ukute umefungwa.” Alikuwa ananitazama mimi, Saba hakuwepo kabisa machoni mwake. “Mkono unaweza kupona, Mizani. Geuka usione.”

Sikugeuka. Saba alikaza jiriwa tena, akainua nyundo. Aliishusha mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia ubao wa meza. Mara ya pili nilisikia kitu kingine, na Patasi akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia hata kwa mnyama machinjioni. Akaporomoka, akabaki ananing’inia kwenye mkono ule uliobanwa.

“Imekwisha,” akasema Saba. Sauti yake ilikuwa nzito. “Heshima imerudi.”

Mwangwi hakurudia. Alikuwa amegeuzia uso ukutani anatapika.

Walipotoka nilifungua jiriwa kwa mikono miwili nikamlaza Patasi kwenye paja langu. Hivyo ndivyo tulivyogusana mara ya kwanza. Vidole vyake vilikuwa vimegeukia pasipo vidole kugeukia. Majirani walikuja na mkokoteni, tukamkimbiza zahanati iliyo mwisho wa barabara, yeye kichwa chake mapajani kwangu na shati jeupe limekuwa la rangi nyingine.

“Kwa nini ulilipasua?” nikamwuliza, nikimfuta jasho. “Ungelifumba tu, ungelikuwa unakunywa chai kwetu saa hizi.”

“Mzee Msasa alinifundisha,” akasema, meno yanagongana. “Komamanga likifumba ni mtu aliyenuna. Likipasuka ni kinywa kinachocheka. Punje ni meno. Ni wewe, siku ile uliposema ungelamba vidole.”

Daktari akafunga mlango akaniacha nje. Akasema mifupa itachukua muda kuipanga, na zaidi ya hapo haahidi. Nikakaa kwenye benchi, nikagundua bado nimeshika ile nyundo. Sikumbuki niliiokota saa ngapi. Nikasimama nikarudi nyumbani.

Wageni walikuwa bado wapo, na sasa walikuwa wanacheka! Saba alikuwa ameshatoa habari. Shangazi alikuwa anakula, Bwana Magodoro amekaa ukingoni mwa kitanda changu, na Baba alinipokea kwa mikono miwili.

“Mambo yamekwisha, binti yangu. Fundi mwenyewe amekiri hakukugusa. Yule mzee wetu wa hapa, fundi wa zamani, atakuja na gundi na unga wa mbao, azibe ule mpasuko, apake rangi. Hakuna atakayejua.”

“Kosa la fundi, basi,” akasema shangazi. “Sisi hatuna kinyongo.”

“Mimi ninacho,” nikasema. “Na hakuna mtu atakayeuziba.”

Nikapanda juu ya kitanda na miguu yangu yenye damu, nikasimama mbele ya ule ubao.

“Fundi hakunigusa, hilo ni kweli, na laiti angenigusa. Nampenda. Leo alikuwa amevaa shati safi anakuja hapa kuniposa. Mmemvunja mkono akiwa ananitetea mimi dhidi yenu. Bwana Magodoro, nisamehe, mimi si mke wako.”

“Shuka hapo,” akasema Saba. Panga lilikuwa limerudi mkononi. “Shuka kabla sijakushusha vipande.”

“Njoo.” Nikainua nyundo. “Njoo, Saba. Umeshazoea watu waliobanwa kwenye jiriwa. Njoo kwa mtu aliyesimama.”

Alikuja kweli. Alikuja na panga limeinuka, mshipa wa shingo umemtoka, anapayuka mate yanaruka.

“Nyumba hii haijawahi kuingiza kitanda cha aibu! Haijawahi! Nenda chumbani kwa Mama ukatazame! Komamanga lake limefumba kama ngumi! Hiyo ndiyo nyumba yetu! Wewe ni nani hata...”

Sinia likaanguka. Vikombe vyote vikavunjika kwenye saruji, na safari hii Mama hakufunga kinywa.

“Limefumba, ndiyo,” akasema. “Na wewe ulikuwemo.”

Saba akageuka. “Nini?”

“Siku kitanda changu kinaingia ua huu huu, limefumba hivyohivyo, wewe ulikuwa tumboni miezi miwili. Mtoto wa miezi saba mwenye mapaja kama yale ulimwona wapi, mwanangu? Watu wanakutania maisha yako yote, hujiulizi?”

“Mke wangu,” akasema Baba.

“Usiniite. Wewe ndiye uliyemwambia fundi alifumbe.” Sauti ya Mama ilikuwa kavu. “Nilinyamaza nikidhani ninawalindia heshima. Leo ukimya wangu umemvunja mkono mtoto wa watu, na huyu hapa amemshikia panga dada yake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye ushahidi wake. Nyani haoni kundule. Sasa wote mmeliona.”

Baba alikaa chini palepale kwenye saruji, katikati ya vigae vya vikombe. Alikuwa mdogo ghafla, mtu mzima mwenye aproni. Shangazi aliinuka akaanza kutafuta viatu vyake huku anasema lo, lo, lo, na nadhani alikuwa anahesabu nyumba atakazopitia kabla ya kufika kwake.

Bwana Magodoro aliondoka wa mwisho. Alisimama mbele yangu, akakibonyeza kitanda kwa kiganja, kwa mazoea tu.

“Nilijua,” akasema kwa ile sauti ya upole. “Kila nikikusalimia ni kama kubonyeza jiwe. Mpe pole fundi. Kazi yake ni nzuri sana.”

Wakabaki wa nyumbani. Saba alikuwa amesimama pale alipokuwa, panga limelala mguuni, anamtazama Mama. Kisha akalitupa. Akaenda kwenye gogo la kukatia nyama lililo chini ya bati, gogo letu lile lenye makovu, akapiga magoti, akauweka mkono wa kulia juu yake, vidole amevitandaza.

“Nipige,” akasema.

“Saba,” akasema Mama.

“Nipige, dada. Wewe ndiye Mizani. Pima sawasawa.”

Nikashuka kitandani. Niliutazama ule mkono mpana wenye vinyweleo, ulionibeba, ulionipiga kofi, ulioshusha nyundo mara mbili. Nikakumbuka ile sauti ya pili. Na sitawadanganya, nilitaka kuisikia tena, kwake. Nikainua nyundo kwa mikono miwili mpaka nyuma ya kichwa, nikaishusha kwa nguvu zangu zote.

Gogo lilipasuka ukingo. Kibanzi kiliruka kikamchana shavu. Nyundo ilikuwa imetua pembeni ya kidole chake cha mwisho, imekigusa ngozi tu, na yeye hakuwa ameusogeza mkono hata kidogo. Alifumbua macho akautazama, kisha akanitazama, akaanza kulia.

“Sikuukosa kwa bahati mbaya,” nikamwambia. “Nyanyuka. Huo mkono si wako tena.”

“Wa nani?”

“Wa Patasi. Kesho asubuhi utaupeleka karakana. Yeye atakaa kwenye kiti atasema, wewe utashika patasi utachonga, mpaka wake upone. Usipopona, utachonga mpaka uzeeke. Akisema sogeza, unasogeza. Akisema umeharibu, unaanza upya. Na uende kwa miguu, katikati ya Komamangani, watu wakuone.”

“Mimi ni mchinjaji,” akasema, damu na machozi vinamtiririka pamoja. “Mikono hii inajua kukata tu. Nitachonga nini mimi?”

Nilimwachia nyundo juu ya gogo. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea mlangoni, kuna mtu alikuwa ananingoja zahanati, na sikutaka azinduke asinikute.

“Komamanga,” nikasema. “Lililopasuka.”

Mwangwi alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa cha damu kichwani, hajasema kitu tangu karakana. Alimtazama Saba, kisha akanitazama mimi, akajongea kunifungulia lango.

“Lililopasuka,” akasema.